Mtoto Akishapata Kitambulisho



Kila mwaka, majina ya walioitwa vyuoni yakishatangazwa, saiba za mjini Wote na Kitui hujaa vijana. Wanakaa wawili wawili kwenye benchi, bahasha za kaki mapajani, wakingoja zamu ya kujaza fomu ya mkopo wa masomo wa HELB. Fomu ile huuliza mambo mengi, na miongoni mwake ni majina ya wazazi na nambari za vitambulisho vyao. Wengi hujaza bila kusita. Lakini hakosi mmoja ambaye akifika hapo mkono husimama. Anaomba dakika chache, anatoka nje, na kwenye kibaraza cha duka anapiga simu ambayo hajaipiga kwa muda mrefu.

Tumfikirie binti wa namna hiyo. Anampigia baba yake aliye Nairobi au Mombasa, au pengine ng'ambo tu ya mto, kijiji cha pili. Anamweleza kwamba ameitwa chuo. Anaomba nambari ya kitambulisho, anaiandika kiganjani. Kisha, kwa sauti ya chini, anauliza kama baba ataweza kumsaidia na nauli, godoro na chochote cha kuanzia muhula. Na baba anajibu kwa maneno ambayo yamesemwa katika nyumba nyingi za Ukambani: "Wewe sasa ni mtu mzima. Una kitambulisho chako."

Ningependa wiki hii tukae na jibu hilo, wewe nami, bila haraka na bila kumrushia jiwe aliyelitoa. Huenda wewe ndiwe uliyeambiwa hivyo. Huenda ndiwe uliyesema. Huenda ni mama uliyesikia simu ikikatika, ukaona uso wa mwanao, ukaendelea kuchambua ndengu kana kwamba hukusikia kitu.

Kwanza tukubali lililo kweli katika jibu lile. Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, na amri ya mahakama ya kumtaka mzazi atoe matunzo kwa kawaida hufikia ukomo hapo. Baba aliyesema kijana amekuwa mtu mzima hakusema uongo. Ila sheria hiyohiyo iliona mbele kidogo. Ilijua kwamba siku ya kutimiza miaka 18 mara nyingi humkuta mtoto akiwa bado darasani. Kwa hiyo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kama ile ya mwaka 2001 iliyoitangulia, inairuhusu mahakama kuurefusha wajibu wa mzazi upite siku hiyo, pakiwa na sababu maalum zinazohusu hali ya mtoto. Masomo au mafunzo yanayoendelea ni sababu ya kukubalika. Ulemavu na ugonjwa unaohitaji uangalizi wa kudumu ni sababu pia, na wazazi wanaolea watoto wa namna hiyo wanajua kwamba kwao hakuna siku ya kuzaliwa inayopunguza kazi ya asubuhi. Ombi laweza kupelekwa na mzazi, na jamaa, au na kijana mwenyewe. Hakimu hutazama kipato cha kila upande na mahitaji ya mtoto, ndipo anaamua. Hata kwa jirani zetu wa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu amri ya matunzo iendelee baada ya miaka 18 ikiwa mtoto yuko masomoni.

Kwa hiyo mlango haujifungi wenyewe siku ya kuzaliwa. Lakini pia haujifungui wenyewe; lazima mtu aende aombe. Na hapo katikati, kati ya kisicholazimishwa tena na kinachoweza kuombwa, ndipo moyo wa mzazi unapojulikana. Mtoto akiwa na miaka kumi, baba anaweza kutoa kwa sababu chifu amemwita. Akiwa na miaka 19, anatoa kwa sababu gani?

Liko jambo jingine ambalo huwa nalitafakari ninapowaona vijana hawa. Tuseme binti yule alizaliwa mwaka 2007. Wakati huo Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilisema kwamba ikiwa baba na mama hawakuoana, wajibu wa mzazi kwanza kabisa ni wa mama. Baba angeweza kuupata baadaye, kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama, kana kwamba ni kitu cha hiari. Kisha Agosti 2010 tukapata Katiba mpya, na Kifungu cha 53 kikatamka kuwa mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Binti huyu alikuwa na miaka kama mitatu. Taifa lilibadilisha maneno yake juu yake akiwa bado anajifunza kusema. Lakini kuna baba waliobaki na maneno ya zamani, na sidhani kila mmoja wao alikuwa na moyo mgumu. Wengine hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu, wamekwenda mjini kutafuta kazi ya mjengo, wakaambiwa na wenzao kwamba mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama, wakaamini, miaka ikapita.

Na mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, huduma ya M-Pesa ilianza. Yaani karibu katika maisha yote ya mtoto huyu, haijawahi kuwepo siku ambayo baba aliye mbali alihitaji kumsubiri mtu anayesafiri kwenda nyumbani ili ampe shilingi mia mbili. Silisemi hili kumchoma mtu. Nalisema kwa sababu lina habari njema ndani yake: njia bado ipo, na iko mfukoni.

Sasa twende kwenye Maandiko. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, kina habari ambayo huwa tunaipita upesi kwa kuwa inatuumiza. Ibrahimu ana mtoto kwa Hajiri, na jina lake ni Ishmaeli. Nyumbani hakukaliki tena. Asubuhi na mapema Ibrahimu anaamka, anachukua mkate na kiriba cha maji, anampa Hajiri, anamwondoa pamoja na kijana wake. Tuna mazoea ya kumchora Ishmaeli kama mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Lakini hesabu miaka. Sura ya 17 inasema alikuwa na miaka 13 alipotahiriwa, na Isaka alizaliwa mwaka uliofuata, na jambo hili lilitokea baada ya Isaka kuachishwa ziwa. Ishmaeli alikuwa kijana wa miaka kama 16 au 17. Yule ambaye leo angekuwa anamaliza kidato cha nne. Ametolewa nje ya nyumba ya baba yake, tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, kwa mkate na maji ya siku moja au mbili.

Maandiko hayamfanyi Ibrahimu kuwa mtu mbaya. Yanasema waziwazi kwamba jambo lile lilimhuzunisha sana kwa ajili ya mwanawe. Na Mungu alimwahidi kuwa yeye mwenyewe atamfanya kijana yule kuwa taifa. Ibrahimu aliondoka katika habari ile akiwa na ahadi mkononi. Je, wewe na mimi, tunapowaachia watoto wetu njia, tuna ahadi ya namna hiyo? Au tumeuchukua mfano wa mkate na kiriba, tukaiacha ile sehemu ya huzuni?

Maji yalipokwisha nyikani, Hajiri alimweka kijana chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali, umbali wa mshale kurushwa. Sisi ambao babu zetu walikuwa watu wa upinde tunaujua umbali huo. Ni mbali kiasi cha kutoona uso wa mtu vizuri, na ni karibu kiasi cha kusikia akilia. Mama alikaa hapo kwa sababu hakuweza kutazama na hakuweza kuondoka. Ni wangapi kati ya akina mama wa Mutomo, wa Mwingi, wa Kathonzweni, wa Makindu, wamekaa umbali huo tangu barua ya chuo ifike? Hawana cha kumpa mtoto, wala hawawezi kumwacha.

Na hapo Maandiko yanasema kitu ambacho kila nikikisoma hunipa nguvu. Yanasema Mungu alisikia sauti ya kijana. Hajiri alikuwa analia pia, lakini sauti inayotajwa kuwa imesikiwa ni ya yule kijana wa miaka 16 au 17 aliyekuwa karibu kuwa mtu mzima, ambaye hakuna aliyefikiri bado ana haki ya kulia. Mpendwa, mtoto wako aliye chuo cha ufundi pale Wote, au aliye Kwa Vonza katika Chuo Kikuu cha SEKU, au aliye mbali zaidi, Eldoret au Njoro, anayekuandikia ujumbe mfupi saa nne usiku wa "Baba shikamoo, naomba hata mia mbili," sauti yake inasikika mbinguni, awe na kitambulisho au asiwe nacho.

Baba mpendwa, sasa naomba niseme nawe.

Najua huenda huna. Eneo letu si la mvua nyingi, na hatujasahau ile miaka ya kuanzia mwisho wa 2020 ambapo misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, mahindi yakakauka yakiwa magotini na ng'ombe wakauzwa kwa bei ya mbuzi. Wapo baba waliokuwa wakitoa vizuri hadi wakati huo, wakakatika, na hawakurudi tena. Nimezungumza na baba wengi kwa miaka hii ya uchungaji, na naamini kwamba kinachowanyamazisha wengi wao ni aibu. Anaona karo ya chuo ni mlima. Anajua hawezi kulipa yote, wala nusu. Basi anaona afadhali asitoe chochote kuliko kutoa kidogo akadharauliwa. Na ili aweze kulala usiku, anajiambia: ni mtu mzima sasa.

Je, ndivyo ilivyokuwa kwako? Ulisema maneno yale kwa ukali, lakini nyuma ya ukali kulikuwa na kitu kingine?

Tazama vilima vya Mbooni na Kilungu. Katika miaka ya 1930, wakati Makueni ilikuwa bado sehemu ya Machakos, udongo wa huku ulikuwa unakwenda na maji kila msimu, na maofisa wa kikoloni waliandika kwamba nchi hii inaharibika. Leo miteremko ile ina matuta kutoka juu hadi chini, mengi yakiwa yale ya fanya juu, ambapo unachimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu ili ushike maji. Bibi zetu waliyachimba kwa vikundi vya mwethya, jembe kwa jembe. Na kila mwenye shamba kule anajua kuwa matuta hayachimbwi mara moja ukamaliza. Mvua kubwa ikinyesha, mahali fulani patabomoka. Unatoka na jembe, unarusha udongo juu, unapapiga pakashika. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa mwaka jana sikutengeneza, basi mwaka huu niache shamba lote liende.

Anza na mwezi huu. Kama ni elfu moja, iwe elfu moja, na iwe tarehe ileile kila mwezi, ili mtoto aweze kupanga juu yake. Mwambie ukweli: "Mwanangu, karo yote siwezi. Ya chakula nitajitahidi kutuma kila tarehe tano." Mwanafunzi aliye mbali na kwao husaidiwa zaidi na kidogo anachokijua kuliko kikubwa kinachokuja mara moja na kelele nyingi. Na usijihesabu nje kwa sababu kuna mkopo wa serikali. Hata utaratibu wa kufadhili vyuo uliotangazwa mwaka 2023, ambao tangu hapo umepingwa mahakamani, ulipokuja kupanga wanafunzi katika makundi matano, ulibakiza sehemu ya familia katika kila kundi, kuanzia asilimia 5 kwa wanyonge kabisa hadi asilimia 40 kwa wenye uwezo. Hata serikali ilipopiga hesabu zake za maskini wa mwisho, ilidhani nyuma ya mtoto kuna mtu.

Halafu kuna lile lisilotumwa kwa simu. Ni nani aliyemuuliza anasoma nini? Ni nani aliyetaka kujua kama chumba chake kina kitasa, kama mwenzake wa chumba ni mtu mzuri, kama anapata kanisa la kwenda? Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana alimtoa mwanawe akakae hekaluni Shilo, mbali na nyumbani. Mtoto hakuwa tena chini ya paa lake. Kuhani Eli ndiye aliyemlea. Lakini Maandiko yanasimulia kwamba mwaka kwa mwaka Hana alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Nimekuwa nikifikiri juu ya kanzu zile. Ili kumshonea mtoto asiyemwona kwa mwaka mzima, Hana alilazimika kukaa nyumbani na kukisia: mabega yamepanuka kiasi gani sasa, mikono imerefuka hadi wapi. Kila kanzu ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka uliopita. Mtoto alipokua, mapenzi ya mama yalibadilisha kipimo, nayo hayakukoma. Ndivyo ilivyo kwa kijana wa chuo. Hahitaji uniforomu tena wala viatu vya shule. Anahitaji vitu vipya, na anahitaji mtu anayejishughulisha kujua ni vipi.

Mama mpendwa, nawe nina neno kwako, na nalisema kwa heshima kubwa kwa sababu najua ni nani amebeba.

Umeambiwa mara nyingi usamehe. Umeambiwa kanisani, umeambiwa na wazazi wako, labda umeambiwa hata na mama mkwe. Na pengine ulipotaka kwenda ofisi ya watoto au mahakamani, mtu alikukumbusha kwamba Mkristo hashtaki, umwachie Mungu. Naomba tulitazame hili kwa makini, kwa sababu hapa watu wema wameumizwa.

Kuna deni ambalo ni lako. Machozi ni yako. Kuachwa ukiwa na mimba, kusemwa sokoni, kulala njaa ili mtoto ale, hayo ni yako, na siku ambayo Mungu atakupa nguvu ya kuyasamehe utayasamehe, na utakuwa mwepesi. Nakuombea siku hiyo. Lakini matunzo ya mtoto si mali yako. Katiba yetu haikuandika kwamba mama ana haki ya kulipwa. Iliandika kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wote wawili. Huwezi kusamehe kwa niaba ya mwanao kitu ambacho ni chake. Kwa hiyo unaweza kuwa umemsamehe baba yake kabisa, humtakii baya lolote, unamwombea kwa jina, na bado Jumatatu asubuhi ukapanda matatu kwenda ofisi ya watoto ukauliza utaratibu. Hakuna dhambi katika safari hiyo. Moyo usio na chuki husafiri vizuri zaidi, unazungumza kwa utulivu, unakubali kusikilizwa na upande wa pili. Na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia za upatanisho na usuluhishi. Mara nyingi mnaweza kukaa mezani na msuluhishi, mkaandika makubaliano, na kesi ikaishia hapo bila mtu kuaibishwa.

Ninachokusihi ni kimoja tu. Usimtume mtoto. Usimfanye mwanao awe ndiye anayebeba maneno makali kutoka kwako kwenda kwa baba yake na kurudi. "Mwambie baba yako kwamba…" ni mzigo mzito kwa mtu wa miaka 18 aliye na mtihani wiki ijayo. Kama kuna la kusema, lisemwe na mtu mzima kwa mtu mzima, na kama ninyi wawili hamwezi, awepo mzee au dada mnayemwamini nyote. Je, liko neno moja ambalo umezoea kulisema juu ya baba yake mbele yake, ambalo ungeweza wiki hii kuliweka chini?

Nawe kijana wangu, mwenye kitambulisho kipya ambacho picha yake bado unaitazama.

Ni kweli umekuwa mtu mzima, na utu uzima una sehemu yake. Ukipewa, sema asante hata kama kimechelewa. Toa hesabu ya kweli. Mwonyeshe mzazi wako karatasi ya karo ilivyo, bila kuongeza kitu juu. Zipo familia ambamo baba alianza kutoa, akagundua kuwa ameongezewa, akafunga mkono, na ikachukua muda mrefu kuufungua. Ule uaminifu mdogo wa risiti unajenga kitu kati yenu ambacho kitadumu kupita muhula.

Na kama uliomba, ukaomba tena, na jibu likawa lilelile? Sitakuambia kwamba haliumi. Nitakuambia tu kuhusu Ishmaeli, kwa kuwa habari yake haikuishia kichakani. Mungu alikuwa pamoja naye, akakua, akakaa nyikani, akawa mpiga upinde. Alijengewa maisha na Mungu mahali ambapo baba yake hakuwapo. Kisha sura ya 25, Ibrahimu anapokufa akiwa mzee sana, Maandiko yanasema alizikwa na wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli, katika pango la Makpela. Hayaelezi jinsi walivyokutana. Hayasemi kama Ibrahimu alimwita, au kama Ishmaeli alikuja bila kuitwa. Yanawataja tu, wote wawili, majina yao yamekaa pamoja.

Huenda hauko tayari kwa hilo leo, na hakuna anayekuharakisha. Msamaha wa mtoto kwa mzazi una mwendo wake, na haumzuii kudai kilicho haki yake akiwa njiani. Soma. Usimruhusu mtu aliyekuambia maneno yale kwenye simu akuchagulie pia utakavyokuwa kwa watoto wako.

Nimalize na sisi tulio kanisani, kwa sababu naona tuna kazi hapa ambayo tumeipitia kando. Sisi ni watu wa harambee. Kijana akiitwa chuo, tunatoa tangazo, tunaweka beseni mbele, akina mama wanaleta kuku na mayai ya kunadiwa, na jioni tunahesabu fedha na kumshukuru Mungu. Ni jambo zuri, na wapo walimu na manesi leo waliosomeshwa hivyo. Lakini mara nyingi baba wa kijana yuko hai, anajulikana, pengine ni mshirika wa kanisa lililo vilima viwili kutoka letu, na hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba mwanawe anafanyiwa harambee. Tunamruka. Tunadhani tunamwadhibu, au tunaogopa ugomvi, au tumeshaamua moyoni kwamba hatatoa. Tukimruka tunamwonyesha, bila kutamka neno, kwamba hatumhesabu tena kuwa baba. Naye analiamini hilo haraka, kwa sababu tayari alikuwa analiamini.

Nimekuwa nikitamani tufanye jambo moja la ziada. Kabla tangazo halijasomwa, wazee wachague watu wawili wenye kinywa cha upole, mmoja wao awe mwanamume mwenye watoto wa umri huo. Waende kwa baba yule jioni, si kwa barua. Wasimkumbushe miaka iliyopita. Wamwambie mtoto ameitwa wapi, anakwenda kusoma nini, anatakiwa kufika tarehe gani, na nini kinakosekana kwenye orodha. Kisha wanyamaze, wampe nafasi ya kutaja mwenyewe anachoweza, hata kama ni godoro tu, hata kama ni kuja kumsindikiza mtoto hadi stendi. Akikataa, wamuage kwa amani, na mama awe huru kufuata njia ya sheria bila mtu wa kanisani kumtazama vibaya. Akikubali, jina lake lisomwe siku ya harambee pamoja na majina ya wengine, kwa sauti ileile.

Katika kanisa lako, mpendwa, ni akina nani wawili ambao wangeweza kutumwa?